Kofia Iliyobaki Msumarini

Nilikuwa na miaka tisa nilipojua kwamba sauti yangu inaweza kumvunja mtu mfupa. Sitanii. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na kwa kuwa hakuna mkubwa aliyekaa chini akaniambia vinginevyo, niliamini kwa miaka mingi. Hata leo, mwanamke mzima mwenye mvi zake mbili tatu, sina hakika kama imani ile imenitoka yote.

Tulikuwa wanawake watatu katika nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya kumi na moja, Scarborough, pembeni mwa Toronto: Bibi, Mama na mimi. Baba alikuwepo mwanzoni, kisha hakuwepo, na habari yake ni fupi. Alikwenda Calgary kutafuta kazi, kazi akaipata, na huko huko akapata na mke mwingine. Tangu siku hiyo jina lake likawa halitajwi mezani.

Bibi ndiye aliyemzaa Mama. Alizaliwa Goa, India, akaletwa Tanga akiwa bibi harusi wa miaka kumi na saba, akaishi Tanga miaka arobaini na mitano, mumewe akiwa karani kwenye mashamba ya mkonge. Babu alipofariki, Mama akamleta Toronto. Kwa hiyo Bibi alisali kwa Kikonkani, lugha ya kwao Goa, na kugombana kwa Kiswahili. Mama alizungumza naye Kiswahili hicho hicho cha Tanga, akichomekea Kiingereza kila alipochoka, na alichoka sana. Mimi nilielewa kila neno na kujibu zaidi kwa Kiingereza, kama watoto wote wa jengo lile. Leo naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyokaripiwa nayo na kubembelezwa nayo, na mambo haya nimejaribu kuyasema kwa Kiingereza yakakataa.

Bibi aliniita "mke mwenzangu," utani wa mabibi wa Tanga kwa wajukuu wao wa kike. Mume tuliyechangia alikuwa Babu, ambaye mimi nilimwona mara moja tu, nikiwa mchanga. Bibi alikuwa akinilalamikia kwamba namwachia kazi zote za nyumba ya mume wetu marehemu. Nilikuwa mtoto wa maneno mengi, nisiyeweza kufunga mdomo hata kanisani wakati wa kubariki mkate, na Bibi alinifinya paja kila Jumapili bila mafanikio.

Alikuwa na miiko yake, na mingi tuliizoea tu. Lakini mmoja aliusimamia kama sheria. Mtu akishavuka kizingiti haitwi. Humwulizi anakwenda wapi, wala humwiti mgongoni, hata kama ameacha funguo, hata kama ameacha viatu. Ukimwita umeikata safari yake, na aliyekatwa safari hafiki salama. Dawa yake ilikuwa moja: aliyeitwa arudi ndani, aketi kwenye kiti, anywe maji glasi nzima, ndipo aanze safari upya kana kwamba hakuwahi kutoka. Naye anayeondoka alikuwa na wajibu wake. Hasemi "naenda." Anasema "naja." Bibi alipokuwa akishuka na kapu la nguo kwenye mashine za kufulia za chini, safari ya dakika tano, alisimama mlangoni, akaweka mkono kwenye mwimo, akatutangazia, "Naja." Tukaitikia, "Haya."

Mama alikuwa akiicheka miiko hiyo. "Mama, basi la hapa halimngoji mtu anywe maji," alikuwa akisema, huku anafunga zipu ya koti. Bibi alitazama juu, kama mtu anayemwomba Mungu asisikilize.

Kuna jambo la kofia ambalo lazima niliseme mapema. Wiki ile Bibi alipofika, Mama alimpeleka kwenye duka moja kule Agincourt, akamnunulia kofia ya sufu, rangi ya zambarau, yenye kibonge cha nyuzi utosini. Bibi akajitazama kwenye kioo cha duka. "Luiza," akamwambia Mama, "umenifanya biringanya." Lakini kuanzia siku ile hakutoka nyumbani bila kofia ile. Aliivaa kwenda kanisani, aliivaa kwenda kwenye mashine za kufulia, aliivaa mwezi wa tano watu wakiwa wamevua makoti. Alisema baridi ya Kanada humwingilia mtu utosini. Akirudi aliitundika kwenye msumari wa pembeni mwa mlango, na pale ndipo mahali pake, hakuna aliyethubutu kutundika kitu kingine.

Basi, Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, mwaka wa tisini na nne, mvua ya barafu ilikuwa imenyesha. Mama alikuwa akifanya kazi ya kutunza wazee katika nyumba moja ya wazee. Aliwanyanyua, aliwaogesha, aliwageuza kitandani. Alikuwa kibarua wa siku tatu kwa wiki, lakini alikuwa ameahidiwa kwamba mwaka mpya ukiingia atapewa kazi ya kudumu. Nyumba nzima iliishi kwa ahadi ile. Hata mimi niliitaja kwenye sala zangu kabla ya kulala.

Mama akatoka mbio, akavuka mlango. Nikaona kifurushi cha chakula chake juu ya kabati la viatu. Sikufikiri. Nikapiga kelele ukumbini, nje ya mlango, "Mum! Umesahau lunch!"

Akarudi hatua tatu kukipokea. Bibi akatoka jikoni, mikono ina unga. "Ameitwa," akasema. "Luiza, ingia ukae. Nakuletea maji."

"Mama, please. Nimechelewa."

"Glasi moja."

Mama akacheka, akambusu Bibi shavuni, akanibusu mimi, akakimbilia lifti. Nakumbuka Bibi amesimama na glasi mkononi, maji yamejaa mpaka juu, na lifti inajifunga.

Saa nne Mama akapiga simu kutoka hospitali. Alikuwa ameteleza kwenye barafu karibu na kituo cha basi na kuangukia mkono. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika mahali pawili.

Bibi akaweka simu chini, akaniangalia. Kutazama kule kuliniumiza kuliko kofi. Baadaye akaniona nimejikunyata nyuma ya kochi, akaja akakaa sakafuni, jambo gumu kwa magoti yake. "Si kosa lako, mke mwenzangu," akaniambia. "Ni mdomo tu." Najua alitaka kunipoza. Lakini mdomo si ulikuwa wangu? Nikaapa sitamwita mtu mgongoni tena maisha yangu yote. Nilishika kiapo vizuri mno. Shuleni rafiki yangu aliangusha glavu yake uwanjani nami nikaifuata nyuma yake kimya mpaka darasani, nikaiweka juu ya dawati lake, akaniona mwehu.

Mwaka mpya ukaingia na kazi ya kudumu akapewa mwingine. Mtu mwenye plasta hawezi kunyanyua wazee. Mama alikaa nyumbani, mkono umening'inia kwenye kitambaa, akatazama theluji dirishani na kutujibu kwa neno moja moja.

Bibi akasema hili ni jicho. Kwao Goa lina jina lake na Tanga lina lake, lakini ni jicho lile lile: mtu amekuonea kijicho, amekusifia bila kumtaja Mungu, na mambo yako yakaanza kwenda upande.

"Nani atatuonea kijicho sisi?" Mama akauliza. "Mume kakimbia, mkono umevunjika. Wanaonea kijicho nini, Mama? Zulia?"

"Kuna mwanamke alilisifia koti lako kanisani."

"Koti la mtumba!"

"Alilisifia," Bibi akasema, akaendelea kuchambua dengu.

Naeleza kwa kirefu kwa sababu sitaki mtu amfikirie Bibi kuwa mpumbavu. Aliona binti yake anazama, na hakuwa na kitu kingine mkononi. Hakujua Kiingereza cha kumpigia mtu simu. Hakujua kuendesha gari. Alichojua ni pilipili.

Siku Mama alipokwenda kutolewa plasta, ilikuwa adhuhuri, Bibi aliniita jikoni. Alichukua pilipili kavu nyekundu saba, akachukua chumvi ya mawe ngumi moja, akachukua na mto wa Mama. Akavizungusha mara tatu juu ya mto, mara tatu juu ya kichwa changu, midomo ikisema maneno ya Kikonkani, kisha akavitupa kwenye kikaango kilichokwisha kuwa chekundu juu ya jiko la umeme. Pilipili zikikuwasha mpaka unakohoa, alinifundisha, hakuna jicho. Zikiungua bila harufu, jicho lilikuwepo, na sasa linaungua nalo. Tukasimama tunanusa. Naapa mpaka leo kwamba sikusikia harufu yoyote. Moshi ulikuwa mzito, mweupe, umejaa mpaka ukumbini, na hakuna hata mmoja wetu aliyekohoa.

"Umeona?" Bibi akasema, macho yanang'aa. Sikuwahi kumwona na furaha kama ile Toronto.

Hapo king'ora kikalia. Kwanza cha kwetu, kisha cha jengo zima. Watu wa ghorofa kumi na nne wakashuka kwa ngazi, watoto bila makoti, wazee wakishikiliwa, mzee mmoja wa ghorofa ya tisa akibebwa na mtungi wake wa hewa. Magari ya zimamoto yakaja mawili. Wanaume wenye shoka wakaingia jikoni kwetu, wakatazama kikaango, wakamtazama mwanamke mdogo wa umbo, ameshavaa kofia yake ya zambarau tayari kushuka, rozari mkononi, kisha wakatazamana.

Mama alirudi kutoka hospitali akakuta watu zaidi ya mia mbili wamesimama kwenye theluji, na katikati yao nafasi tupu, na katikati ya nafasi ile sisi wawili. Msimamizi wa jengo akamwambia mbele ya watu wote kwamba ikitokea tena atatutoa. Mama akasema sorry. Akasema sorry kwa kila mtu, kuanzia uani mpaka mlangoni kwetu, ghorofa kumi na moja za kusema sorry.

Mlango ulipofungwa, Mama alimwambia Bibi aliyomwambia. Nilikuwa nimesimama kati yao, na koti langu bado nimevaa.

"Wewe na pilipili zako," akasema, kwa sauti ndogo. "Baba yangu alianguka pale Tanga, mdomo umempinda, hawezi kusema, na wewe unamzungushia pilipili. Saa nzima, Mama. Saa nzima kabla hujamtuma mtu kuita gari. Daktari aliniambia. Wewe ndiye uliyemwua."

Bibi alikuwa ameshika kitambaa cha sahani. Akakikunja mara mbili, akakikunja tena, akakiweka juu ya meza na kukilainisha kwa kiganja.

"Kumbe ulikuwa nalo," akasema. "Miaka yote hii ulikuwa nalo."

Mama hakulirudisha neno lake. Sijui kama lingerudi. Kwa wiki tatu walizungumza kwa adabu, na adabu yao ilinitisha kuliko ugomvi. Bibi alipika, akapakua, akala peke yake akiwa amesimama jikoni. Kisha siku moja akatuambia, huku anapiga pasi, kwamba amemwandikia dada yake Goa, na dada yake amesema chumba kipo.

Mtoto wa miaka tisa anaelewa mambo. Nilielewa kwamba Bibi hataki kwenda. Nilielewa kwamba Mama hataki aende. Palikuwa na neno moja tu lililotakiwa, "usiende," na kila asubuhi niliamka nikifikiri leo Mama atalisema. Nilimwamkia Bibi shikamoo yangu, nikakaa mezani nikiwaangalia, mmoja akimpa mwenzake sukari. Hata nilijaribu kulisema mimi. Nilimwambia Bibi kwa Kiingereza kwamba asiondoke. Akanipapasa shavu, akasema, "Mwenye nyumba ni mama yako." Nikaenda kwa Mama, akasema, "Ni uamuzi wake." Nikachoka kuwa tarishi wao.

Siku ya safari ilikuwa ya Februari, saa tisa mchana, jua kali lisilo na joto. Mjomba Rui, binamu yake Mama, alikuja na gari, akachukua masanduku, akatangulia kushuka akapashe injini moto. Mama alimkumbatia Bibi haraka katikati ya sebule. "Safari njema, Mama." Akasema kichwa kinamuuma, akaingia jikoni. Nikasikia bomba likifunguliwa.

Bibi akanichora msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba. Akafika mlangoni, akaweka mkono kwenye mwimo kama kawaida yake. Nikangoja. Nilikuwa nimeshaweka "haya" yangu ulimini.

"Kaa vizuri, mke mwenzangu," akasema. Akavuka kizingiti.

Hakusema "naja." Nilibaki mlangoni namtazama akienda katika ule ukumbi mrefu wenye zulia la kahawia na harufu ya vyakula vya watu, mkoba kwapani, nywele zake nyeupe zimefungwa fundo nyuma. Nywele zake. Nikageuka, na kofia ilikuwa pale msumarini.

Nikaitoa. Nikafungua mdomo. Ningesema, "Bibi, kofia!" Maneno mawili. Angerudi, kwa sababu aliyeitwa lazima arudi. Angeketi, angekunywa maji, Mama angelazimika kutoka jikoni, na mimi nilijua, najua mpaka leo, kwamba wakikaa chumba kimoja na glasi ya maji kati yao isingewezekana wasiseme. Lakini akilini nikauona tena mkono wa Mama ndani ya plasta. Nikaiona ndege angani, barafu kwenye mabawa yake, na Bibi ndani, na mimi ndiye niliyeikata safari yake. Nikaiziba midomo yangu kwa ile kofia. Ilinuka mafuta ya nazi.

Bibi akabonyeza kitufe. Lifti ikaja, mlango ukafunguka, mwanga ukamwangukia. Hakuingia. Mlango ukajifunga, lifti ikaondoka bila yeye.

Alisimama pale amenipa mgongo. Anayeondoka hatakiwi kugeuka. Hiyo nayo ilikuwa sheria yake. Akasimama muda wa kusali Baba Yetu polepole. Akabonyeza tena. Lifti ya pili ikaja, naye akasimama mbele yake mpaka mlango ukaanza kujifunga, akauzuia kwa mkono, akaingia.

Nilijivunia. Hilo ndilo linaloniua. Nilikimbilia dirishani na kofia mkononi, nikamwona chini kabisa, kichwa cheupe kinaingia garini, nikajipongeza kwa kunyamaza. Kisha kilio kikanijia. Nikaingia jikoni nalia, koo limekauka. Mama alikuwa amenipa mgongo, anaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Kiti kimoja kilikuwa kimevutwa nje ya meza na mbele yake palikuwa na glasi ya maji. Nikakaa, nikayanywa yote. Mama akageuka akaniangalia ninavyokunywa. Nilidhani atanigombeza kwa kuchukua maji yake ya dawa ya kichwa, lakini akafunga bomba tu.

Bibi alifika salama. Dada yake alipiga simu, na mimi nikaruka ruka sebuleni kama mtu aliyeokoa abiria wote wa ile ndege. Mama akasema Krismasi tutakwenda kumwona. Walizungumza kwenye simu mara tano au sita, laini mbovu, kila mmoja akimwuliza mwenzake hali ya hewa. Mwezi wa tisa, asubuhi moja, moyo wa Bibi ulisimama akiwa anasuka nywele zake. Alizikwa kesho yake, kabla hatujapata hata njia ya kufika. Mama alikaa juu ya kabati la viatu siku nzima, chini ya ule msumari, na kofia niliyoirudisha ikiwa juu yake.

Ilinichukua miaka mingi kuielewa ile lifti ya kwanza. Nilikuwa karibu na thelathini, nangoja lifti kazini, mlango ukafunguka mbele yangu, na miguu yangu ikakataa kwenda. Alikuwa akingoja aitwe. Mwanamke aliyenifundisha kwamba mtu haitwi alisimama pale akiomba, kwa mgongo wake, nivunje sheria yake. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Kuhusu kofia nilimgusia Mama mara moja, nikasema Bibi hakuwa mtu wa kusahau. Mama akajibu, "Alikuwa anakwenda Goa. Kofia ya sufu ya nini Goa?" Labda. Lakini kutoka mlangoni mpaka garini ilikuwa Februari ya Toronto.

Mama sasa amepita sabini, na bado anakaa katika nyumba ile ile. Mimi huenda kila Jumapili. Majira ya baridi yaliyopita niliaga, nikavuka mlango, nikawa nimefika katikati ya ukumbi niliposikia, "Tina! Simu yako!"

Nikageuka. Mama amesimama mlangoni na simu yangu mkononi, na kwa mkono mwingine, ule uliovunjika, ameuziba mdomo wake.

"Rudi," akasema. "Rudi ndani ukae."

Nikacheka. "Mama, wewe? Tangu lini?"

Hakucheka. Akanivutia kiti, akafungua bomba, akaacha maji yatiririke mpaka yapoe, akajaza glasi mpaka juu. Akaiweka mbele yangu akabaki ameishika.

"Siku ile niliyaweka," akasema.

"Nini?"

"Maji. Ya Bibi yako. Nilivuta kiti, nikamimina maji, nikafungua bomba ili nijitie sijasikia utakapomwita. Nilijua utamwita. Wewe hukuweza kunyamaza hata kanisani."

Nikashindwa kumtazama. "Mbona hukumwita mwenyewe?"

"Ningemwitaje? Mimi ndiye niliyemwambia amemwua Baba. Mimi sikuwa na mdomo tena, Tina. Nilikuwa nategemea wako." Akaondoa mkono kwenye glasi. "Halafu ukaingia peke yako, unalia, ukakaa kwenye kile kiti, ukayanywa."

Nje theluji ilikuwa ikianguka, na ukumbini watu walikuwa wakipita na mifuko yao. Nilikuwa na jambo moja la kumwambia, jambo ambalo ni mimi peke yangu duniani ninayelijua: kwamba lifti ilikuja, na mama yake hakuingia. Kwamba alisimama pale. Kwamba wanawake watatu wa nyumba moja tulikuwa tumengoja kitu kimoja, mmoja akiwa na maji, mmoja akiwa na kofia, mmoja akitupa mgongo, na mwenye sauti alikuwa mimi.

Nikamtazama Mama. Vidole vyake vilikuwa vikilainisha kitambaa cha meza, kutoka katikati kwenda pembeni, polepole, kama Bibi alivyofanya siku ile. Nikafungua mdomo, kisha nikaufunga. Sijui kama nilimhurumia au nilirudia kosa lile lile. Nimejiuliza kila siku tangu siku hiyo.

Nikayanywa maji yote. Yalikuwa baridi mpaka meno yakauma. Nikasimama, nikachukua simu yangu, nikapita chini ya kofia ya zambarau ambayo mpaka leo hakuna aliyeiondoa, nikaweka mkono kwenye mwimo wa mlango.

"Naja, Mama," nikamwambia.

"Haya," akasema.